Risala ya Wahitimu Wakristo wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama yetu na mwalimu wetu,
Mkuu wa Shule,
Walimu walezi wa jumuiya yetu,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Tumesalimu mara mbili kwa makusudi, maana humu ukumbini wamo Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste, na hatukutaka yeyote ajione mgeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Baadhi ya wazazi waliokaa hapa walipita mikononi mwako enzi ukifundisha, nao wametusimulia kwamba ulikuwa ukifika darasani kabla ya wanafunzi, na kwamba hukuona haya kushika ufagio. Ndiyo sababu tulikuomba wewe.

Shughuli za jumuiya kwa mwaka huu, yaani mafunzo ya Biblia kila Jumatano jioni, maombi ya pamoja siku ya Ijumaa, kuwatembelea wagonjwa na shamba letu la maharage, zimo katika taarifa ya mlezi. Hatutazirudia. Tunaomba muda wako kwa jambo moja lililotugusa kuliko yote.

Tulipoingia Kidato cha Kwanza, jumuiya haikuwa na kitu. Tulisali bwaloni, tukisubiri meza zifutwe mabaki ya ugali, na mvua ilipopiga kwenye bati hatukusikilizana hata tukipaza sauti. Lakini tulipendana. Aliyekosa sabuni aligawiwa kipande, aliyefiwa hakulala peke yake. Ugomvi ulikuja na baraka. Tulipopewa kinanda na spika, kwaya mbili zikaanza kubishana nani atangulie kuvitumia, nani avitunze, na nani aongoze ibada ya pamoja. Mlango wa stoo ukawekwa kufuli mbili, kila upande na ufunguo wake, ili upande mmoja usiweze kufungua bila mwingine kuwepo. Ikawa wiki nyingine kinanda hakitoki kabisa, na tunaimba kwa makofi huku chombo kimefungiwa ndani.

Katika kipindi hicho tulikuwa tukisoma Waraka kwa Wafilipi. Mtume Paulo anauandika akiwa kifungoni, lakini sura ya nne haianzi kuwalilia Wafilipi juu ya minyororo yake. Inawataja kwa majina akina mama wawili, Euodia na Sintike, na kuwasihi wawe na nia moja katika Bwana. Hawa hawakuwa wavivu wala wazushi. Paulo mwenyewe anashuhudia kwamba waliishindania Injili pamoja naye. Walivumilia dhiki bega kwa bega, kisha wakashindwa kuelewana. Siku tuliposoma mistari hiyo, darasa zima lilinyamaza. Kila mtu alijua ni stoo gani inayozungumzwa.

Baadaye kiongozi wa kwaya mojawapo alikwenda ofisini kwa mlezi, akaweka ufunguo wake mezani na kusema upande wa pili ushike zote mbili. Hakutoa sharti. Wenzake walimnunia, wakamwita msaliti, naye akaendelea kubeba maji ya kudekia kama kawaida yake, bila kujitetea. Ilichukua muda, lakini kufuli moja iliondoka. Leo kwaya zote mbili zimeimba mbele yako kwa kinanda kimoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni watoto wa Kagera, na historia ya jambo hili iko jirani mno nasi. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, Uganda, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Karoli Lwanga alikuwa miongoni mwao, na Kizito, mdogo kuliko wengi wetu tunaohitimu leo. Wamisionari waliowafundisha walikuwa wakibishana hadharani mbele ya Kabaka Mutesa, aliyemtangulia Mwanga, lakini wanafunzi wao walikufa kwa Bwana mmoja. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni lililofuata. Miaka 6 haikutimia. Januari 1892, waumini wa pande hizo hizo mbili walipigana kwa bunduki pale Mengo, makao ya Kabaka, wakigombea madaraka. Askofu Hirth wa Wakatoliki akakimbilia upande wetu wa Ziwa Viktoria, na mwaka huo huo misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Mungu alitutolea mema hata katika fitina ile, lakini swali linabaki na linatuuma: waliwezaje kusimama pamoja mbele ya moto, kisha wakashindwa kukaa pamoja palipokuwa na cheo cha kugawana? Tunaamini saburi peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu wa kuweka ufunguo mezani.

Tunaondoka kwenda vyuoni, mashambani, kwenye biashara na kwenye ndoa, na huko tutakuta stoo nyingi zenye kufuli mbili. Tunaomba mtuombee.

Kwa wadogo zetu tunaowaacha, tuna maombi machache. Mabenchi ya chumba cha ibada hayatoshi, na Biblia zilizopo zimechanika; wengi wa Kidato cha Kwanza wanasoma watatu kwa kitabu kimoja. Ombi kubwa zaidi ni hili: tunaomba wewe na Mkuu wa Shule mtusaidie ili mwakani, tarehe 3 Juni, wanafunzi wa madhehebu yote waende Namugongo kwa basi moja kupitia mpakani Mutukula, na wakifika watembelee pamoja madhabahu zote mbili, ya Wakatoliki na ya Waanglikana. Hadi sasa kila kundi limekuwa likienda kivyake. Wahitimu tumeanza kuchangia nauli, na tulichokusanya tumekikabidhi kwa mlezi asubuhi hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanao,
Wahitimu Wakristo wa Kidato cha Nne