Minara yangu ya taa nimwachie nani?

Ndugu Mshauri,

Salaam sana. Mimi ni mzee wa miaka 69, baharia mstaafu, ninayeishi Kurasini na mke wangu katika nyumba ya ghorofa tuliyoijenga kidogo kidogo kwa fedha za safari. Mwishoni mwa mwezi wa Sita, masika yakiwa yamekwisha, tutahamia Goba kwa binti yetu wa kwanza, kwa kuwa magoti ya mama watoto hayaziwezi tena ngazi. Binti ametujengea vyumba viwili vizuri uani kwake, na kuhama kwenyewe hakunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni kabati la sebuleni, ambamo mna sanamu 87 za minara ya taa nilizozikusanya tangu mwaka 1981, na ambazo sasa inanipasa niachane nazo.

Naomba kwanza nieleze ni minara gani, maana siku hizi ukitaja mnara mtu hufikiria mnara wa simu, na jirani yetu mmoja alipoingia ndani mara ya kwanza alidhani ninakusanya minara ya misikiti. Nazungumzia minara inayojengwa kwenye rasi, visiwani na juu ya miamba ili taa zake ziwaongoze mabaharia usiku. Anayesafiri kwa boti kutoka hapa kwenda Unguja huuona mmoja upande wake wa kulia kabla ya kuingia bandarini, nao ni ule wa kisiwa cha Chumbe uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Sanamu zangu ni mifano midogo ya minara ya namna hiyo. Iliyo ndefu kuliko zote haizidi chupa ya maji ya lita moja na nusu, na iliyo ndogo kabisa inaenea katika kiganja cha mtoto. Nyingi ni za kauri au za jasi iliyopakwa rangi, na chache ni za mbao na shaba.

Nilikuwa mshika usukani katika meli za mizigo kwa miaka 27. Zamu yangu kwa kawaida ilikuwa ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, ambapo mtu husimama gizani saa nne nzima, hana wa kuzungumza naye ila afisa wa zamu, na mbele yake haoni kitu. Kisha taa huchomoza mbali kabisa, chini, pale bahari inapokutana na mbingu. Kila mnara una namna yake ya kuwaka, ili baharia autambue hata kama umbo lake halionekani: ule wa Eddystone, nje ya Plymouth huko Uingereza, humulika mara mbili kila sekunde 10, ule wa Hercules katika mji wa A Coruña, Hispania, ambao ulijengwa na Warumi na mpaka leo unafanya kazi, humulika mara nne kila sekunde 20, na ule wa Cape Agulhas, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Afrika, humulika mara moja kila sekunde 5. Afisa alikuwa akiniuliza, nami nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo huku mikono iko kwenye usukani, na hesabu ilipokubali na kitabu cha taa nilihisi kifua kikishuka, kwa kuwa sasa tulijua tulipo. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuwa katika giza lile anaweza kuelewa kwa nini mzee mzima aliweka minara ya jasi sebuleni kwake, lakini sababu yangu ni hiyo.

Sanamu ya kwanza niliinunua Plymouth mwaka 1981 katika duka la vitu vilivyotumika karibu na gati. Ni ya Eddystone, ya kauri, na pembeni mwa mnara wenyewe, uliowashwa mwaka 1882, fundi aliweka kisiki cha mnara wa zamani kama kilivyo kweli pale kwenye mwamba, maana sehemu ya juu ya mnara ule wa zamani ilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya nchi kavu pale Plymouth. Kisiki hicho katika sanamu yangu hakizidi ukucha wa dole gumba. Mwaka 1993 binti yetu wa mwisho, akiwa na miaka minne, alikivunja, nami nikakigandisha kwa gundi usiku huohuo. Kimekaa upande kidogo, na ukikitazama kwa karibu unaona mstari wa gundi uliogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Ile ya Cape Agulhas ilinichukua muda mrefu zaidi kuipata. Katika miaka ya themanini tuliupita mnara ule mara nyingi, usiku na mchana, lakini hatukutia nanga katika bandari za kule, kwa kuwa nchi yetu haikuwa na uhusiano na utawala wa makaburu. Niliuona mwanga wake kwa miaka mingi bila kukanyaga nchi yake. Mwaka 1996 meli yetu iliingia Cape Town, na nilitumia nusu siku ya mapumziko yangu kuutafuta mfano wake mpaka nikaupata, una mistari myekundu na myeupe. Muuzaji ndiye aliyenieleza kwamba mnara huo ulipoanza kazi mwaka 1849 taa yake iliwashwa kwa mafuta ya mikia ya kondoo. Nililiandika hilo katika daftari langu palepale dukani.

Daftari hilo ndilo ninalotaka hasa ulielewe, Ndugu Mshauri. Ni daftari kubwa la kurasa 192, lenye jalada gumu, na kila sanamu ina ukurasa wake: jina la mnara, tarehe na bandari niliyoinunua, mnara wenyewe unavyomulika, na usiku gani niliuona kwa macho yangu, kama niliuona. Sanamu ya Chumbe nayo imo, ingawa haikununuliwa dukani. Kwa kuwa sikuipata popote, nilimpelekea picha mchonga vinyago mmoja pale Mwenge, akanichongea mnara wa mpingo, mweusi tii, na ngazi zake akazikata kwa kisu kidogo moja baada ya nyingine. Mtu akichukua sanamu hizi akaliacha daftari, nadhani atakuwa amechukua jasi na rangi tu.

Sasa nieleze ilivyo hali nyumbani. Mke wangu amezifuta vumbi sanamu hizi kila Jumamosi kwa mswaki mkuukuu, na kwa miaka yote hiyo hajavunja hata moja. Hewa yetu ya chumvi si rafiki wa jasi. Kila masika sanamu kadhaa hutoa unga mweupe chini, na rafu hubaki na duara mahali ziliposimama, naye ndiye anayeufuta. Hivi karibuni aliniambia, “Baba watoto, mimi sijaichoka minara yako, ila siwezi tena kuinama kwenye rafu ya chini.” Sikuwa na la kujibu. Vyumba vya Goba vina nafasi ya rafu moja fupi juu ya runinga, labda sanamu sita au saba. Binti yetu wa kwanza ana heshima na huruma, lakini amekwisha sema wazi kwamba nyumba yake ina watoto watatu wadogo na hawezi kuniahidi usalama wa kitu cha kauri. Kijana wetu aliyeko Mwanza aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi meli zinaongozwa na setilaiti, kwa hiyo nizigawe tu, naye ataninunulia kitu kingine cha kupamba sebule. Najua hakukusudia ubaya, ila maneno yale yaliniingia. Shemeji yangu yeye anafurahi, kwa kuwa tangu zamani amekuwa akisema sanamu hazifai kuwekwa ndani, japokuwa nilikwisha kumuuliza imamu wetu, akanijibu kwamba mnara ni jengo na si kiumbe chenye roho. Aliyeniomba kitu ni yule binti wa mwisho peke yake, naye ameiomba ile ya Eddystone aliyoivunja. Hiyo nimekwisha kumpa.

Zimebaki njia mbili. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya mapambo amekuja nyumbani, akachagua sanamu 15 za kauri na kuahidi kuzilipia shilingi 300,000 taslimu, lakini zile za jasi hazitaki na daftari halitaki. Njia ya pili ni chuo kimoja kinachofundisha mambo ya bahari. Mwalimu niliyezungumza naye alinipokea vizuri sana, akasema wanaweza kuziweka 12 katika kabati la kioo kwenye ukumbi ili vijana wazione, tena akataka nakala ya kurasa za daftari zinazohusu hizo 12. Nilirudi nyumbani nimefurahi, kisha usiku nikakosa usingizi nikiwaza ni zipi 12 na zilizobaki zitakwenda wapi. Fedha tunazihitaji, sitaki kukuficha, kwa kuwa kuhama kuna gharama zake. Lakini nikimpa mfanyabiashara zile 15 bora, chuo kitabaki na zile zinazomomonyoka.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo zito zaidi ambalo sijamweleza mtu isipokuwa mke wangu. Kati ya sanamu 87, tisa si zangu. Ni za rafiki yangu tuliyefanya naye kazi melini miaka mingi, mtu wa Pangani, ambaye mwaka 1997 alipopata ajira katika meli nyingine aliniletea sanduku la mbao na kuniambia, “Niwekee, kaka, nikistaafu nitazifuata.” Nami nilizipanga pamoja na zangu ili zisikae gizani. Mojawapo ni ya mnara wa Cape Hatteras, Marekani, wenye mistari myeusi na myeupe inayozunguka kama uzi kwenye kibiringo, na hiyo ndiyo sanamu nzuri kuliko zote kabatini. Mwaka 2000 aliniandikia barua kunieleza, kwa mshangao mkubwa, kwamba mwaka uliotangulia Wamarekani waliuinua mnara ule wa matofali, wenye urefu wa mita zipatazo 60, wakausogeza mzimamzima juu ya reli kiasi cha mita 880, kwa sababu bahari ilikuwa imeula ufuko na kuukaribia. Barua hiyo ninayo, nimeibandika katika ukurasa wa sanamu hiyo. Hivi majuzi nilipomsimulia binti yangu habari hizo, alinijibu kwa upole, “Baba, wao walihamisha mmoja, wewe unataka tuhamishe themanini na saba.”

Rafiki yangu alifariki mwaka 2003 kwa ugonjwa, mimi nikiwa safarini. Nilifika Pangani wiki tatu baada ya mazishi kuhani msiba. Nilimkuta mjane na watoto wawili wadogo, na sikuona kama ni adabu kumtajia mjane aliye eda habari za sanamu. Nilijiambia nitarudi. Baadaye nilisikia amehamia Tanga mjini, kisha ameolewa tena, na mimi nilipostaafu mwaka 2006 nilikuwa na mambo yangu ya kuhangaikia. Miaka ikapita hivyo. Sikuwahi kuziuza wala kumpa mtu hata moja kati ya hizo tisa, lakini kusema kweli nilizizoea, na ziko siku nilisahau kwamba si zangu. Mfanyabiashara alipokuja, kitu cha kwanza alichokinyanyua ni Cape Hatteras, na hapo ndipo niliposhtuka.

Watoto wale sasa ni watu wazima. Mabaharia wenzangu wa zamani wamenihakikishia kwamba mmoja wao yuko Tanga na simu yake inaweza kupatikana. Ninachokiogopa ni kumpigia kijana asiyenijua na kumwambia kwamba kwa zaidi ya miaka 20 nimekaa na mali ya marehemu baba yake. Anaweza kudhani nilikuwa nimeificha, au akadhani ina thamani kubwa ya fedha, akavunjika moyo atakapoletewa sanduku la minara midogo. Anaweza pia kunijibu kama alivyonijibu mwanangu wa Mwanza, nami sijui nitalipokeaje jibu hilo likitolewa juu ya vitu vya rafiki yangu. Hata hivyo, amana ni amana, na sitaki niende nayo kaburini.

Kwa hiyo naomba unishauri katika mambo haya. Je, nimtafute kijana huyo kwanza, kabla sijagusa kitu kingine chochote, hata kama kuhama kutatukuta hatujamaliza? Nikimpata, nimpelekee mwenyewe sanduku mpaka Tanga na kumsomea kurasa zile tisa, au nimwulize kwanza kama anazitaka, nimwachie uhuru wa kukataa? Na kuhusu zile zangu, je, ni haki kwa mke wangu, ambaye amezitunza kuliko mimi, nikikataa shilingi 300,000 ili chuo kipate zilizo bora? Yeye anasema niamue mwenyewe, lakini namwona anavyozitazama bili za kuhama. Ningependa pia kusikia kutoka kwa wasomaji waliowahi kuachana na vitu walivyovikusanya kwa miaka mingi, jinsi walivyochagua cha kubaki nacho. Mimi nimekwisha kuamua kwamba mnara wa mpingo utakwenda nami Goba. Zaidi ya huo, kila ninapochagua sita, kesho yake zinakuwa nyingine.

Mara tatu nimezifunga sanamu kwa magazeti na mara tatu nimezifungua. Safari hii maboksi mawili yamebaki yamefungwa karibu na mlango, na lile sanduku la mbao la rafiki yangu nimelisafisha na kuliweka mezani likiwa wazi. Sanamu nane zimo ndani. Ya Cape Hatteras bado imesimama kabatini, na namba ya simu ya Tanga nimeahidiwa kupewa Ijumaa hii.

Wako mtiifu,
Baharia Mstaafu,
Kurasini, Dar es Salaam