Dripu ya mifupa ya Bi Mkubwa

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Rehema shoga yangu,

Nimepata barua yako pamoja na picha za majibu ya Bi Mkubwa, nimezisoma zote mara mbili. Pole kwa mkono wake, na pole kwa mvutano ulioingia nyumbani. Kaka Salim anasema dripu ya kuimarisha mifupa inaozesha taya, wewe unaogopa bei, daktari anataka jibu kama apewe au la, na mama mwenyewe anasema tumwache na mgongo wake. Kila mmoja ana hoja, lakini hoja nzito kuliko zote haikutajwa na yeyote kwenye barua yako. Imejificha kwenye ile karatasi ya maabara.

Kwanza nikwambie msimamo wangu. Mwanamke wa miaka 74, DEXA (kipimo cha uzito wa mfupa) ya nyonga -3.1, kifundo cha mkono kimevunjika kwa kuteleza tu uani, na picha inaonyesha pingili moja ya mgongo imebonyea: huyo kukaa bila dawa ndiyo hatari kubwa kuliko dawa zote mlizotajiwa. Mimi ningemchagulia dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Ila si wiki hii.

Tazama kriatinini yake, ile taka ya damu inayopimia figo: 95. Maabara haikuweka alama yoyote, kwa hiyo kila mtu kasema figo ni nzima. Kwa bibi mwembamba namba hiyo inadanganya. Kriatinini hutoka kwenye misuli, na mwenye misuli michache huonyesha namba nzuri hata figo zikiwa zimechoka. Inabidi upige hesabu: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito wa kilo, zidisha kwa 1.04 kwa kuwa ni mwanamke, kisha gawa kwa kriatinini. Kwake ni 66 mara 52 mara 1.04, gawa kwa 95. Unapata kama 37.6, yaani mililita za damu ambazo figo husafisha kwa dakika. Dripu hii haipewi mtu aliye chini ya 35. Kriatinini ikipanda kutoka 95 hadi 105 tu, jibu linashuka hadi 34, na 105 bado kuna maabara zitakazoandika kuwa ni kawaida. Anasimama ukingoni, na hakuna aliyemwambia. (Ukipewa namba ndogo kama 1.07, hiyo ni kwa kipimo kingine. Izidishe kwa 88.4 kwanza.)

Dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Kule Marekani, Septemba 2011, mamlaka ya dawa ilikaza onyo lake baada ya wagonjwa kufa kwa figo kushindwa kazi. Wanaoingia hatarini ni wale ambao figo zao zilikuwa dhaifu tayari, waliokaukiwa maji, au wanaotumia dawa nyingine zinazoumiza figo. Sasa unaniandikia kwamba Bi Mkubwa anameza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya mgongo, na ana kidonge cha presha cha kukojosha. Hayo mawili ndiyo ya kushughulikia kwanza. Diklofenaki aiache kabisa, na ibuprofeni pia. Maumivu atulize kwa parasetamoli. Kidonge cha presha asikiache kwa kujiamulia, muulize daktari wake kama asikinywe siku ya dripu. Halafu baada ya wiki mbili rudieni kriatinini, na mumpime uzito siku hiyohiyo, msikisie. Huenda ile 37.6 ikapanda vizuri tu. Ikishuka chini ya 35, dripu ife hapohapo, na vidonge vya alendroneti, dawa ya jamii hiyohiyo, navyo havimfai, mpaka wake ni huohuo.

Nataka na damu yake ipimwe kalsiamu na vitamini D. Najua vitamini D ni kipimo cha bei, na ndicho watu hukikata kwanza bajeti ikibana. Msikikate. Asidi ya zoledroniki hufunga mlango ambao kalsiamu hutokea mfupani kuingia kwenye damu. Kama vitamini D iko chini, mwili hauna njia nyingine ya kujazia, na kalsiamu ya damu huanguka siku chache baadaye, hasa kuanzia siku ya 9 hadi ya 11: ganzi kuzunguka midomo, vidole kuchomachoma, misuli kukaza. Tanga ina jua la kutosha, lakini bibi anayeshinda ndani na akitoka yumo ndani ya baibui halipati. Nataka namba isiwe chini ya nanomoli 50 kwa lita. Ikiwa chini, apewe dozi ya kujazia kwa maelekezo ya daktari, kisha dripu isubiri angalau wiki mbili. Baada ya hapo ni kila siku: vitamini D yuniti 800 hadi 1,000, na kalsiamu jumla miligramu 1,200 pamoja na ya chakula. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500 tu, kwa hiyo soma lebo vizuri, na akinywe pamoja na chakula. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake na maziwa ya mtindi vinafidia sehemu nzuri ya inayobaki.

Siku yenyewe isiangukie Ramadhani. Najua Bi Mkubwa hataki kuacha funga hata moja, ndiyo maana nasema mapema: ama kabla, ama baada ya Idi. Mtu aliyefunga tangu alfajiri damu yake ni nzito na figo zake zina kiu, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kuingiza dawa hii. Anywe glasi mbili kubwa za maji kabla ya kwenda na aendelee kunywa siku ile yote.

Chupa iwe ile ya miligramu 5 iliyochanganywa tayari kwenye mililita 100. Hapa kuna kosa ambalo hutokea kwa nia njema kabisa. Hospitali nyingi zenye kitengo cha saratani huwa na kichupa cha miligramu 4 katika mililita 5, na duka linaweza kuwaambia ni dawa ileile na bei ni nafuu. Ni dawa ileile kweli, lakini kipimo ni kingine, na ni lazima kwanza ichanganywe kwenye mililita 100 za maji ya chumvi ya kawaida. Wapo wanaotoa hiyo 4 kwa mifupa dhaifu, na uzito wa mfupa huongezeka. Ila ushahidi wa kuzuia nyonga kuvunjika umetokana na 5. Isichanganywe wala isipite kwenye mpira mmoja na dripu ya Ringer's, kwa sababu ile ina kalsiamu. Na hakikisheni dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa, lakiri haijavunjwa, na tarehe haijapita. Chupa hii haihitaji friji kabla ya kufunguliwa.

Muombe muuguzi aiache ipite kwa dakika 30. Kima cha chini ni dakika 15, na kuikimbiza chini ya hapo ndiko kunakoumiza figo. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, nusu saa ni kama matone 67 kwa dakika. Ukiona yanashuka kama mfereji uliofunguka, sema hapohapo, hata kama foleni ni ndefu.

Usiku ule au kesho yake atapata homa. Nasema atapata ili mjiandae. Kwa dripu ya kwanza ni takriban watu 3 kati ya 10: homa, baridi, mifupa yote kuuma, kichwa. Huanza ndani ya siku 3 na kwa wengi huisha ndani ya siku 3 nyingine. Dripu ya pili huwapata chini ya 1 kati ya 10. Kwetu homa hiyo ina jina jingine kabla hata haijapimwa, na mgonjwa hujikuta anameza dawa za malaria zisizomhusu, kisha dripu ya mwaka wa pili anaikataa kwa sababu "ilimletea malaria". Mpeni parasetamoli gramu 1 saa ya dripu, kisha gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku 3, asizidishe kwa uzito wake ule. Kipimo cha haraka cha malaria mfanyieni tu, ni cha bei ndogo, na homa ikivuka siku ya tatu au ya nne mpelekeni akaonwe. Jicho likiwa jekundu na linauma au mwanga unamkera, huyo ni wa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Sasa taya la Salim. Hakulitunga, lipo: sehemu ya mfupa wa taya hubaki wazi baada ya jino kung'olewa na haifunikwi na fizi. Lakini wengi waliopatwa ni wagonjwa wa saratani wanaopewa miligramu 4 kila wiki 3 au 4. Hesabu mwenyewe: kila wiki 4 kwa mwaka ni miligramu 52. Bi Mkubwa atapata 5. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2007, wanawake zaidi ya 7,700 walifuatiliwa kwa miaka 3, nusu wakipewa dawa na nusu maji matupu. Taya liliharibika kwa mtu mmoja upande wa dawa na mtu mmoja upande wa maji. Ama faida yake, pingili mpya zilivunjika kwa 109 kati ya kila 1,000 waliopata maji na 33 kati ya 1,000 waliopata dawa. Nyonga 25 dhidi ya 14. Msomee Salim namba hizo. Kisha mpelekeni mama kwa daktari wa meno kabla ya dripu, lile jino bovu uliloniandikia ling'olewe sasa na fizi ipone kabisa. Hilo ndilo jibu la hofu yake.

Kinachonipa mashaka zaidi ni moyo, kwa kuwa katika utafiti uleule mapigo ya moyo kwenda ovyo kiasi cha kuitwa tatizo kubwa yalitokea kwa 13 kati ya 1,000 upande wa dawa dhidi ya 5 upande wa maji. Utafiti mwingine, wa wagonjwa waliokwisha vunjika nyonga, haukuona tofauti hiyo, na huko waliopata dripu walikufa wachache zaidi. Mwambieni daktari kama amewahi kuhisi moyo unaruka. Na miaka inavyokwenda, maumivu mapya ya paja au kinena yasipuuzwe hata kama hajaanguka, kwa sababu mfupa wa paja unaweza kupata ufa kwa dawa ya miaka mingi. Ni jambo la nadra, lakini dalili hutangulia.

Bei. Mmelinganisha chupa moja ya dripu na sindano moja ya denosumabu, ndiyo maana hesabu imewachanganya. Denosumabu si dripu, ni sindano ya chini ya ngozi, miligramu 60 kila miezi 6, na haina shida na figo kama hii. Lakini haina mapumziko. Ikichelewa hata mwezi mmoja au miwili, mfupa hurudi nyuma kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Kwa miaka 6 ni sindano 12, zote zisafirishwe kwa barafu kati ya nyuzi 2 na 8, na siku mtakayoshindwa kununua mtalazimika kumpa dripu ileile ili kulinda alichopata. Dripu hukaa mfupani. Miaka 6 ni chupa 3 kisha mapumziko kwa mwenye hatari ndogo. Kwa mama, kwa nyonga ile na pingili ile, tengeni pesa ya chupa 6 na mfurahi zikibaki. Utafiti wa New Zealand wa 2018 ulitoa dripu kila miezi 18 kwa wanawake 2,000 na mivunjiko ikapungua kwa zaidi ya theluthi. Wao mifupa yao ilikuwa na afadhali kuliko ya mama, kwa hiyo msiipange hivyo tangu mwanzo. Ila mwaka pesa ikichelewa miezi mitatu, msikope kwa riba.

Vidonge vya alendroneti vya kila wiki ni nafuu kuliko vyote na ni dawa nzuri. Kwake sivipendi: ana kiungulia, mgongo umeinama, na anatakiwa ameze akiwa na njaa kwa maji matupu kisha akae wima nusu saa.

Omba hospitali mbili wakuandikie mchanganuo: dawa, vipimo, mpira na kanula, huduma ya muuguzi, kitanda. Mara nyingi chupa ya kawaida yenye jina la asili la dawa ni nafuu kuliko Aclasta, ambalo ni jina lake la biashara, na kitanda cha nusu saa huandikwa kama cha siku nzima, hilo lijadilini. Kwa bima, ulizeni kwa jina la dawa na miligramu zake, kwa maandishi, kabla hamjanunua.

Nitumie kriatinini mpya na ile ya vitamini D zikitoka, pamoja na uzito wake wa siku hiyo. Mabusu kwa Bi Mkubwa, mwambie yule mkeka wa uani uondolewe leoleo.

Wako akupendaye,
Mwajuma