Pete au mnyororo?

Uyole, Mbeya
Jumapili usiku

Tumaini,

Ugonile! Dar bado inawakaanga? Huku baridi haina adabu, naandika nimejifunika blanketi. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba wa Tukuyu, utanigombeza tukionana.

Nina shida, ila kwanza sikia: ile pete yangu ya molekuli imekubali! Nadhani. Rezosinoli, asetaldehidi, ethanoli, asidi ya haidrokloriki, nikaviinjika. Molekuli nne za rezosinoli zinatakiwa zishikane na nne za asetaldehidi, zitoe maji, zijifunge duara kama bakuli. Baada ya saa tatu za kuchemsha, umeme ukakatika. Nusura nilie. Uliporudi nikaendelea tu, na asubuhi nikakuta chupa imejaa unga mweupe unaoelekea waridi.

Lakini ni pete au mnyororo? Vitu vile vile vinaweza kuungana ovyo bila kufunga duara, na kwa macho hujui kitu. Silali. Nilimweleza mama kuwa ni bakuli la kupokea molekuli ndogo, mgeni anaingia katikati anatulia. Akauliza, "Siku ya tatu mnampa jembe?"

Namkumbuka yule mzee Pedersen, mwanakemia mzaliwa wa Busan, Korea. Hakuwa na PhD. Pete yake ya kwanza ilikuwa uchafu uliotoka pembeni, hata nusu asilimia haikufika, na hakuutupa. Mwaka 1987 akapewa Nobel. Sasa mimi nina gramu sita nzima na sijui nimeshika nini!

Kwa hiyo, tafadhali, nipimie kwenye NMR, ile mashine inayoonyesha molekuli imejengwaje. Kichupa kinakuja na basi la Alhamisi. Usihangaike na klorofomu, unga hautayeyuka humo. Tumia kile kiyeyushi DMSO, chenye deuteri (hidrojeni nzito). Ikiwa pete, vilele kwenye mchoro wa mashine vitakuwa vichache na vyembamba. Ukiona vilima vinene, basi ni mnyororo, na uniambie taratibu. Ikiwa pete kweli, mgeni wa kwanza wa kuingia bakulini atakuwa molekuli ndogo ya kolini, nimeshaiazima.

Yule fundi wa mashine bado anakuheshimu, au mlishagombana? Foleni ni ya wiki ngapi? Nitalipa nini, au mchele wa Kyela utatosha? Neema kajifungua? Na wewe ile tasnifu umeirudisha, au bado unasema "kesho"?

Wako,
Atupele

Kichupa nimekifunga ndani ya soksi. Soksi nirudishie, mwenzake nimemvaa.