Makala ya mafua ya 1918 imemsahau Gavana Poyer

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mafua makali ya mwaka 1918 imeeleza vyema maafa ya Samoa ya Magharibi, katika Bahari ya Pasifiki, lakini haikugusa visiwa jirani vya Samoa ya Marekani, ambako janga hilo halikuua mtu hata mmoja. Pengo hilo si dogo, kwa kuwa watu wa pande zote mbili walikuwa wa lugha moja na koo zilezile, ila walitawaliwa na serikali mbili.

Gavana wa Samoa ya Marekani, aliyekaa bandari ya Pago Pago, alikuwa Kamanda John Martin Poyer, aliyehitimu chuo cha jeshi la majini la Marekani mwaka 1884 na kustaafu 1906 kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1915 aliitwa tena kazini akakabidhiwa visiwa hivyo, ambavyo tangu 1900 vilikuwa chini ya jeshi hilo. Hadi hapo utumishi wake ulikuwa wa kawaida, na pengine asingekumbukwa kama si meli ya Talune.

Meli hiyo iliyotoka Auckland ilitia nanga Apia, bandari ya Samoa ya Magharibi, tarehe 7 Novemba 1918 ikiwa na wagonjwa, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Chini ya Kanali Robert Logan, mtawala aliyewekwa na New Zealand, watu wapatao 8,500 walikufa, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Poyer, ambaye habari za ugonjwa zilimfikia kwa redio, aliweka karantini kali kwa vyombo vyote. Msaada wa matibabu uliotolewa na Pago Pago haukupokelewa Apia, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hata kosa la bandarini.

Hata hivyo, sifa zote zisiende kwa gavana. Fukwe za Tutuila, kisiwa kikuu cha Samoa ya Marekani, zililindwa na wenyeji wenyewe, waliozuia mashua kutoka Upolu, kisiwa chenye Apia, zisifike nchi kavu, ingawa zingeweza kuwa zimebeba jamaa zao. Na amri ya afisa ambaye hakuchaguliwa na raia yeyote isingefika mbali kama machifu wasingekubali kuisimamia. Poyer alitunukiwa nishani ya Navy Cross, akaondoka Juni 1919, na karantini ikaendelezwa na mrithi wake hadi 1920. Walinzi wale wa fukweni hawatajwi kwa majina popote nilipowahi kusoma, na ningefurahi kama mwandishi wenu angewatafuta katika makala ijayo.

Msomaji wenu,
Mombasa