Kabla Hujamwaga Zege

Ipuli, Tabora
12 Oktoba

Juma ndugu yangu,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Barua yako ilinifikia Jumamosi kwa mkono wa yule dada aliyeshuka na treni, pamoja na kidumu cha mawese. Mama alikifungua siku ileile. Sisi wazima, ila joto la Oktoba hapa kwetu unalijua: mvua bado, na bati likishaanza kushika jua, kufika saa saba mchana hakuna chumba kinachokalika.

Umeniuliza kama lifti ya kuinulia magari inaweza kusimama uani kwako pale Mwanga, Kigoma, na kama pangaboi za vyumbani, zile feni za darini, nazo zina ugumu wowote. Kwenye simu tungeishia kwenye bei, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Mimi bei haikunisumbua kama nilivyosumbuliwa na sakafu na dari.

Nianze na sababu. Shija, kijana wangu wa kazi, unamkumbuka. Mwezi wa tatu alikuwa amelala chini ya Hiace anafungua propela, ule mhimili unaozungusha matairi ya nyuma. Jeki ikazama upande mmoja kwenye udongo uliolowa, gari likamlalia. Tulikuwa tumelaza tairi la akiba chini ya chesisi, na ndilo lililopokea uzito. Alitoka na michubuko ya bega tu. Juma, mtoto yule mama yake alinikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Nilikaa barazani hadi usiku wa manane, na asubuhi nikasema hapa gari halitapanda tena juu ya jeki mtu akiwa chini yake.

Nilifikiria kuchimba shimo kama magereji mengi yanavyofanya. Nikaliacha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa shimoni palepale fundi aliposimama, na cheche moja ya taa inatosha kuuwasha. Masika nayo yangenijazia maji humo.

Basi nikanunua lifti ya nguzo mbili, ya tani 4, iliyotumika, kutoka Dar es Salaam. Ililetwa na lori. Kitu hiki kina historia niliyoipenda: Peter Lunati, fundi magari wa Memphis kule Marekani, alikiwaza baada ya kuona kiti cha kinyozi kinavyopanda kwa nguvu ya mafuta, akaanza kuuza lifti zake mwaka 1925. Mpaka leo kanuni ni hiyohiyo. Mota inasukuma mafuta kwenye silinda, silinda inainua mikono, na mikono ndiyo inayobeba gari.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini. Kila nguzo imeshikwa na sakafu peke yake. Gari likiwa juu, mikono inazivuta nguzo kwa ndani, na boliti za chini zinataka kung'oka. Zikiwa kwenye zege jembamba zitang'oka kweli. Sakafu yangu ilionekana nzuri, laini, imepigwa niru ikang'aa. Fundi aliyeimwaga aliniapia kuwa ina unene wa kutosha. Nikatoboa tundu kwa drili ili nijionee mwenyewe, na baada ya sentimita 6 drili ikatumbukia kwenye moramu. Ningefunga nguzo pale bila kutoboa, leo nisingekuwa na mkono wa kukuandikia, au Shija asingekuwepo.

Nikaikata sakafu pale nguzo zinapokaa, kipande kimoja cha mita 4 na nusu kwa mita 1 na nusu, nikachimba sentimita 30. Tukashindilia, tukafunga nondo za milimita 12 matabaka mawili, zikipishana kila sentimita 20. Zege ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga, tatu za kokoto, na maji kidogo kuliko wanavyopenda vibarua. Kipande hicho kilikula mifuko 16. Wiki nzima tulikifunika magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, kisha tukasubiri mpaka siku 28 zikatimia. Watu walikuja kunicheka kwamba nina mashine imelala kwenye turubai huku nafanya kazi nje juani. Nikavumilia. Zege linaendelea kukaza siku zote hizo hata kama juu limeshakauka, na uzito wa tani 2 hauna subira. Boliti za kujipanua tulizikaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mashine, na baada ya wiki moja ya kazi tukazipitia tena zote. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Kabla ya lifti, gereji ilikuwa na pangaboi moja katikati ya paa, imening'inia kwenye kenchi. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Shija ndiye aliyeinua macho siku tunapima. Hiace ina kimo kinachokaribia mita 2, lifti inaipandisha karibu mita 1.8, na mapanga yale yalikuwa mita 3.7 kutoka chini. Fanya hesabu mwenyewe. Tukaihamishia juu ya meza ya kazi, mbali na mahali gari linapopanda, na upande wa lifti nikafunga feni mbili za ukutani. Kwa hiyo ukipima urefu wa paa lako, usipime bati. Pima kitu cha chini kabisa kinachoning'inia: kenchi, taa, waya, feni. Kisha jumlisha kimo cha gari refu kwenda juu utakalolipokea na mita 1.8, uone kama jumla inaingia chini ya kitu hicho. Ukikosa mita 4 tafadhali niambie kwanza.

Umeme. Mota yangu ni ya kilowati 2.2, inatumia laini ya kawaida ya nyumbani, ila inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka. Ukiiunganisha kwenye soketi ya ukutani utaunguza waya. Nimeivutia waya wake yenyewe wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye mita, na breka yake, na waya wa ardhini. Jioni nguvu ya umeme ikishuka, inanguruma bila kuinua, nasi tunaiacha mpaka asubuhi. Kuhusu LUKU usiwe na hofu. Kuinua gari moja ni chini ya dakika, na unit moja inainua zaidi ya magari 30. Pangaboi ya mama ya wati 75 ikikesha saa 10 inakula karibu robo tatu ya unit, yaani sawa na kuinua magari 24.

Jambo moja sikuliwaza. Gari likishapanda tunalishusha kidogo likae kwenye loki za chuma, maana haifai kumwacha mtu chini ya gari lililoshikwa na mafuta peke yake. Lakini ili loki ziachie, lazima ulipandishe tena kidogo. Siku moja umeme ulikatika saa tisa mchana RAV4 ya mwalimu mmoja ikiwa juu. Ililala juu mpaka asubuhi, na yeye alikuwa na safari ya Nzega. Nilimwomba radhi, na sasa kila mteja namwambia mapema. Kuna pampu ndogo ya mkono ya kufanya kazi hiyo, nimeiagiza.

Na kila gari, Juma, kila gari, inua sentimita 15 kwanza, simama, lisukume kwa mkono. Likicheza, shusha upange mikono upya. Ukishusha injini au giaboksi uzito unahama, kwa hiyo weka stendi ndefu upande unaobaki mzito.

Nije kwenye pangaboi za ndani. Mzee mmoja wa Kihindi hapa mjini aliniambia jina lenyewe ni panka, feni kwa Kihindi, na boi aliyekaa akivuta kamba ya kitambaa cha darini siku nzima ili wakubwa wapate upepo. Tangu hapo siwezi kuibonyeza swichi bila kumfikiria yule boi.

Chumbani kwa mama fundi wa umeme aliikaza kwenye vile vijiti vyembamba vinavyoshikilia gipsamu. Feni yenyewe haina uzito, haizidi kilo 6 au 7, lakini inatikisika usiku kucha. Wiki ya tatu mama akasema inaimba. Nikapanda na tochi: ufa umezunguka kikombe chote cha feni pale darini na skrubu moja imetoka nusu. Nilitetemeka, maana kitanda kiko chini yake. Tumefungua dari, tukalaza mbao ya mninga kati ya kenchi mbili, boliti ikapita ubaoni tukaifunga nati mbili, na pembeni tukaongeza waya wa chuma wa kuidaka endapo boliti itakatika. Haijaimba tena.

Jihadhari na chandarua. Kile cha duara kinachofungwa darini kwa kamba moja hakikai nyumba moja na pangaboi. Nimewatengenezea watoto vitanda vyenye miti minne, chandarua kinafungwa huko chini ya mapanga, na feni nimeielekeza kwenye miguu badala ya kichwani. Upepo unapungua kidogo kwa sababu ya wavu. Hilo nimelikubali, malaria ya huku siichezei. Mapanga yasishuke chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Shemeji akisimama kitandani kutandika, mkono usifike.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni mteremko. Uani kwako pale chini umejaza kifusi mwaka juzi, nilikiona. Nguzo moja isije ikakaa kwenye ardhi ya asili na nyingine kwenye kifusi, kwa sababu kifusi kitatitia mvua zikianza na nguzo zitaachana. Ama ulikate lile tuta upande wa juu uwanja wote ukae kwenye udongo wa asili, ama uchimbe mpaka uufikie. Ni kazi na ni pesa, najua.

Chukua futi, unipimie urefu wa ua, urefu wa paa, na kina cha kifusi kwenye pembe zote nne. Usimwite fundi wa zege kwanza. Nikipata vipimo nitapanda treni na Shija, tuje na drili. Yeye ameomba mwenyewe kuja, anataka kuliona ziwa.

Msalimie sana shemeji na watoto. Mama anashukuru kwa mawese, na anauliza kama migebuka ya kukaushwa imeanza kupatikana.

Wako,
Masanja