Kukataa kutia sahihi si kukataa biashara

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu, mbele ya watu wengi, lawama niliyotupiwa mbele ya watu wachache. Jumapili mbili zilizopita familia ya mume wangu ilikutana nyumbani kwetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi. Yaya wa mume wangu, yaani ndugu yake mkubwa, mtu ninayemheshimu kwa kuwa ndiye aliyesimamia mahari yetu, aliniambia kwamba nimemfunga mdogo wake mikono, kwamba mwanamke mwema humsukuma mumewe mbele, na kwamba wenzangu mtaani wanawasaidia waume zao kufungua biashara huku mimi nikiikalia kalamu. Siku ile sikujibu, kwa sababu kikao cha wakubwa hakijibiwi kwa hasira. Ninajibu sasa.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu anataka kufungua biashara ya samaki waliogandishwa, na mkopo wa kuianzisha unahitaji sahihi yangu pamoja na hati ya lupango, yaani kiwanja na nyumba tunamoishi. Sikuikataa biashara. Nilikataa kutia sahihi, na tangu siku hiyo hakuna mtu katika ukoo anayetaka kusikia kwamba hayo ni mambo mawili.

Wala biashara yenyewe si wazo baya. Samaki tunaowaita tomson ndio kitoweo cha nyumba nyingi za Lubumbashi; mama asiye na fedha ya nyama hununua wawili au watatu, akawapika kwa nyanya, na bukari, yaani ugali, ikapata mwenzake. Wengi wa samaki hao huvuliwa baharini Namibia, hupakiwa kwenye malori yenye majokofu, huvuka Zambia, kisha huingia kwetu kupitia Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa mjini. Watu hawawezi kuhangaika na safari ndefu namna hiyo kama walaji hawapo. Mume wangu ameliona hilo, na ameliona vizuri.

Yeye ni mwalimu. Si mlevi, hapigi mtu, na watoto wanampenda. Udhaifu wake ni mmoja tu: hawezi kukutana na mkopo akaupita. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hajawahi kuniambia deni kwa kinywa chake. Kila deni nimelijua kwa mlango kugongwa. Kulikuwa na la pikipiki, iliyonunuliwa ili binamu yake aifanyie teksi, ikawa chuma chakavu kabla ya mwaka kwisha. Kulikuwa na la simu, na la suti ya harusi ya rafiki, na jingine ambalo mpaka leo sijui lilinunua nini. Yote hayo yalilipwa, taratibu, kwa mshahara usiotosha hata bila madeni.

La tano ndilo lililonibadilisha. Alikopa dola 300 kwa mtu wa mtaani anayekopesha kwa riba, kazi ambayo Wakongo huiita kwa mzaha «Banque Lambert» ijapokuwa haina benki wala dirisha. Riba ilikuwa asilimia 30 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwezi dola 90 ziliondoka nyumbani na deni likabaki dola 300 zile zile, kama mtu anayechota maji ya kisima kwa kikapu. Nilipojua, mwezi wa tano, alikuwa ameshatoa dola 450, yaani deni zima na nusu yake, bila kupunguza hata senti moja ya fedha aliyokopa. Nililifunga mimi, kwa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana fedha, na kwa kuuza cherehani niliyoachiwa na mama yangu. Wengi mjini hapa, kwa kuathiriwa na Kilingala, huliita deni «nyongo». Katika Kiswahili cha vitabuni nyongo ni yale maji machungu yanayotoka kwenye ini. Sijui nani alilileta neno hilo Katanga, lakini mwaka ule nilizielewa maana zote mbili kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye mkopo huu mpya, kwa sababu kikaoni hakuna aliyeuliza hesabu yake. Ni dola 1,200, zinazorudishwa kwa miezi kumi na miwili, dola 130 kila mwezi, yaani dola 1,560 kwa jumla. Riba hiyo si ya kutisha ukiilinganisha na ile ya mtaani, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilifurahi kuona ameenda mahali penye risiti. Nikamwomba aniandikie fedha hiyo itakwenda wapi. Dola 450 ni za jokofu kubwa. Dola 350 ni za samaki wa kuanzia. Dola 400 zilizobaki alizizungukazunguka siku tatu, mpaka usiku mmoja akaniambia kwamba ni za «kusafisha mambo ya zamani».

Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama. Theluthi nzima ya mkopo wa biashara ilikuwa imekwisha kuliwa kabla biashara haijapata jina. Samaki wa dola 350, kwa bei ya dola 50 kwa katoni, ni katoni saba. Nimewauliza wanawake watatu wanaouza samaki hao karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na wote wameniambia kwamba, ukitoa usafiri, mifuko na wale wanaoharibika, katoni moja inabakiza kama dola nne. Katoni saba ni dola 28. Ili kupata dola 130 za mkopeshaji, ni lazima mtaji wote uuzwe na kununuliwa upya karibu mara tano kila mwezi, mteja yeyote asikope, umeme usikatike siku mbili mfululizo, na sisi wenyewe tusile hata mkia wa samaki. Mtu yeyote anayeishi Katuba anajua umeme wetu unavyokuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Hapo sijataja kwamba katika barabara yetu peke yake kuna wauzaji wengine wawili.

Yaya aliniambia kwamba nina woga wa kike. Huenda. Lakini woga wangu nimeurithi kwa mwanamume. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondolewa kuanzia mwaka 2003 katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka miezi ile: wanaume waliokaa muda mrefu bila mshahara walishika fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na kila nyumba ikawa na mfanyabiashara. Baba alipanga kununua mashine ya kusaga mahindi. Watu husimulia kwamba wazee wale hawakujua biashara, kwamba walikula fedha kwa anasa na wanawake. Kwetu haikuwa hivyo. Kwetu wadai walikuwa wamesimama mlangoni kabla baba hajafika na bahasha, mwenye duka, mwenye dawa, mkubwa wa shule, kila mmoja na daftari lake la miaka ile ya njaa, na kufikia jioni mashine ya kusaga ilikuwa imekuwa nusu mashine. Kwa ile nusu iliyobaki alinunua mashine iliyotumika, ikasaga miezi saba. Baba hakuwa mvivu wala mjinga. Alianza biashara akiwa amebeba mzigo ambao biashara haikuweza kuubeba.

Kuhusu sahihi yenyewe, naomba tukumbushane tulikotoka. Chini ya Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, mke ndiye aliyehitaji idhini ya mume ili ajifunge kisheria katika jambo alilopaswa kulitimiza yeye mwenyewe. Mama zetu walirudishwa kwenye madirisha ya benki kwa kukosa karatasi ya mume, na sikumbuki kikao chochote cha ukoo kilichoitishwa kuwalaumu waume waliokataa. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliligeuza hilo: kifungu cha 448 sasa kinataka mume na mke wakubaliane katika mambo yanayowafunga. Kwa hiyo sahihi yangu si adabu ya nyumbani, wala si kipimo cha mapenzi. Ni jibu la swali. Na swali ambalo jibu lake linaruhusiwa kuwa moja tu si swali.

Wakala wa mkopeshaji alikuja kwetu saa kumi na mbili jioni, wakati niko jikoni. Karatasi ina kurasa sita za Kifaransa. Alizungumza nami Kiswahili kwa muda usiofika dakika kumi, akaweka kidole chini ya ukurasa wa mwisho na kusema, «Mama, sahihi hapa na hapa.» Nilipomwomba aniachie nisome, alimtazama mume wangu, si mimi. Nimesoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari na bado ilinichukua jioni mbili kuelewa kwamba, tukichelewa miezi miwili, lupango linaweza kuuzwa. Je, wangapi wametia sahihi papo hapo, mwiko wa bukari ukiwa mkono wa pili? Nawaomba wanaokopesha katika mji huu wamwachie mwenzi wa mkopaji karatasi hiyo siku saba, na waiandike pia kwa Kiswahili, lugha ile ile wanayoitumia wanapotaka sahihi.

Haitakuwa haki nikijionyesha kuwa malaika. Nina meza ya unga, mafuta na chumvi mbele ya nyumba kwa miaka minane, na mume wangu anasema kweli anaposema kwamba meza hiyo haijawahi kuwa duka. Mimi pia nakopesha, kwa sababu jirani mwenye mtoto anayelia hafukuzwi, na wiki nyingine mwenye gunia ndiye anayenidai. Ndiyo maana nilipompa pendekezo langu alicheka. Nilimwambia: tuanze na katoni moja, tumlipe jirani mwenye jokofu atuwekee, tuone kwa miezi mitatu inabakiza nini, zamu yangu ya likelemba inafika Septemba, tuongeze hapo. Akajibu kwamba katoni moja ni biashara ya kina mama, na kwamba mwalimu hawezi kusimama na katoni moja wanafunzi wake wakimwona. Nadhani hapo alisema ukweli kuliko alivyokusudia. Mkopo mkubwa humpa heshima siku ile ile anapoupata. Katoni moja ingempa heshima hiyo baada ya mwaka.

Sharti langu lilikuwa moja, na yaya hakulitaja kikaoni, labda kwa sababu hakuambiwa. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikampa mume wangu, nikamwomba aandike kila deni analodaiwa leo: la nani, kiasi gani, tangu lini. Nilimwahidi kwamba sitapiga kelele kwa lolote nitakalolisoma. Na nilimwambia kwamba daftari hilo likijaa ukweli, tutakaa mezani na kutazama mkopo gani unaweza kubebwa, na huenda siku hiyo nikatia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

Wiki ya kwanza hakuandika kitu. Juzi nimelikuta daftari chini ya vitabu vyake vya shule. Ameandika madeni matatu, kwa mwandiko ule mzuri anaoutumia ubaoni, na chini yake ameweka namba nne na namba tano bila kuandika chochote mbele yake. Sijamuuliza. Karatasi ya mkopo ipo kabatini pamoja na hati ya lupango, na wakala ametuma ujumbe kwamba atapita tena Ijumaa.

Wenu kwa heshima,
Mama wa watoto wanne, Katuba, Lubumbashi