Hukuwa na miguu siku ile

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote wasalimie. Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Unasema muda wako wa kukimbia unazidi kuharibika, kwa hiyo umeongeza mazoezi ya alfajiri. Umeongeza!

Siku ya mashindano yenu ya triathlon, yale ya kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, nilisimama karibu na mnapoegeshea baiskeli. Majini ulitoka vizuri, zile kilomita 40 ukazimaliza na kundi la mbele. Kisha helmeti ikakushinda kufungua. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Mara ya nne ndipo kifungo kikaachia. Sijasahau mpaka leo.

Miguu kuwa mizito ukishuka kwenye baiskeli ni kawaida, na baada ya dakika chache huwa inazoea. Yako haikuzoea kilomita zote 10. Wala usiniambie ni sukari iliyoisha mwilini, jeli ya kutia nguvu ulikula, nilikuona. Ule uchovu ulikuja nao. Mwenyewe umeniandikia kwamba mapigo ya moyo asubuhi, kabla hujainuka kitandani, yamepanda kutoka 52 hadi 61, usingizi unakatika, chakula hukitamani. Mazoezi yanauchosha mwili, mapumziko ndiyo yanaujenga. Wewe mapumziko umeyafuta kabisa.

Unamkumbuka Jonathan Brownlee, yule Mwingereza wa triathlon, kule Cozumel, Meksiko, 2016? Anaongoza, zimebaki mita mia kadhaa, joto likammaliza, akawa anayumba. Kaka yake Alistair akamshika mkono, wakakokotana, akamsukuma avuke mstari. Lile lilikuwa la siku moja. Lako lina miezi, Rehema, na ndilo linalonitisha, maana uchovu wa namna hii ukikomaa unaweza kula msimu mzima.

Hata hiyo helmeti... basi, nisirudie.

Kocha umemwambia kuhusu mapigo, au umemwonyesha muda tu? Damu umepima, chuma kikoje? Na siku zako zinakuja kama kawaida? Usione haya kunijibu. Salome alinyamaza hivyo hivyo zilipokatika, mpaka mfupa wa mguu ukapata ufa. Unakula ya kutosha kweli? Unaweza kukaa wiki mbili bila saa mkononi? Nije Jumamosi tutembee tu, polepole, mimi na wewe?

Akupendaye,
Mwanaidi